Fedha za Walio Mbali Zirudi Shambani



Kila Desemba barabara itokayo Boma la Ng'ombe kupanda Sanya Juu hujaa mabasi na magari madogo. Wana wa Siha hurejea kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata ng'ambo. Mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, na nyumba zilizofungwa tangu Januari hufunguliwa madirisha. Mwaka Mpya ukishapita nyumba hizo hufungwa tena, na kihamba hubaki mikononi mwa bibi na wajukuu. Je, kaya imepata nini, na Taifa limepata nini?

Hapana budi kutazama chanzo kwanza. Kwa desturi ya Wachaga, mwana wa kwanza hupewa kihamba, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi. Wa kati hutafuta pengine. Ardhi ilipokuwa tele, desturi hiyo haikumuumiza mtu. Lakini ukoloni uliwapa walowezi mashamba makubwa magharibi ya Kilimanjaro, watu wakaongezeka, na vihamba vikakatwa vipande vipande. Kahawa nayo, iliyosomesha watoto wengi tangu KNCU ilipoundwa mwaka 1933, ilishuka bei pale mapatano ya kimataifa ya mgawo wa mauzo yalipovunjika mwaka 1989. Ni dhahiri basi kuwa kijana anayeondoka hakimbii jembe kwa uvivu. Kipande alichoachiwa hakimtoshi.

Fedha anazotuma zina manufaa yasiyo na ubishi. Hulipa ada, hununua dawa, na mvua zikikosekana ndizo huwa ghala la kaya. Kwa nchi, zitokazo nje ni fedha za kigeni zisizodai riba. Mwaka 2023 Wakenya waishio ng'ambo walituma kwao zaidi ya dola bilioni 4 za Marekani, kiasi kinachozidi mapato ya nchi hiyo kutokana na chai.

Hata hivyo, fedha hizo zina gharama. Kutuma dola 200 katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara kuligharimu kwa wastani karibu asilimia 8 mwaka 2023, ilhali lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Hapa nchini, tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ililazimu kupunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huo huo, baada ya wananchi kulalamika. Walikuwa na haki. Shilingi inayokatwa njiani ni ya mzee anayengoja dawa.

Gharama kubwa zaidi haionekani katika risiti. Mikono iliyokuwa ikipogoa mibuni iko mjini, na mibuni inazeeka. Fedha inayorudi badala yake huishia katika saruji na mabati ya nyumba inayolalwa wiki mbili kwa mwaka. Fundi hupata ujira wake mara moja tu. Mbuni mpya au ng'ombe wa maziwa angeilisha kaya mwaka baada ya mwaka.

Jambo hili linawahusu watumishi wenyewe. Wengi wamehamia Sanya Juu kikazi, na kila mwisho wa mwezi hutuma sehemu ya mshahara kwa wazazi wao Kigoma, Singida au Songea. Yafaa kila mmoja ajiulize kama fedha hiyo huongeza kitu shambani, au huliwa ikaisha kabla ya mshahara mwingine. Mwalimu afundishe hesabu za kaya. Bwana shamba awakutanishe wanaorudi Desemba na chama cha ushirika. Na anayelima, ambaye mara nyingi ni mama, aulizwe kwanza kabla tofali halijanunuliwa.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mgeni wa Desemba akaribishwe kwa mbege, kisha aonyeshwe mibuni.