Kijana Akitaka Kusomea Sanaa ya Picha
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na walimu wa Himo)



Tumetakiwa tuseme juu ya jambo ambalo limeleta ubishi katika nyumba zaidi ya moja hapa kwetu. Kijana amemaliza masomo yake vema, wazazi wamekwisha kuweka fedha za ada, naye asema hataki ukarani wala uganga. Ataka kwenda chuo cha Kikristo akasomee kuchora, kupaka rangi na kufinyanga. Baba humwuliza, Je, nimeuza kahawa yangu ili wewe ukachezee rangi? Nasi hatulicheki neno hilo. Ada ni jasho la watu, na bei ya kahawa haidumu.

Lakini yafaa mfahamu kwamba kazi hii si ngeni kwa watu wa mlima huu. Mtu akishika njia ipandayo kutoka hapa njia panda ya Himo, atafika Marangu, na huko alizaliwa Elimo Njau mwaka 1932. Na upande wa Machame alizaliwa Sam Ntiro mwaka 1923. Wote wawili walikwenda Makerere, Uganda, wakasoma katika shule ya sanaa ya Bibi Margaret Trowell. Makerere hakikuwa chuo cha misheni, illa bibi huyo alikuwa Mkristo wa kweli, na picha nyingi za wanafunzi wake zilikuwa za habari za Biblia. Alianza mwaka 1937 barazani mwa nyumba yake Kampala, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi zikaonyeshwa London. Hakuwapa picha za Kizungu wazinakili. Aliwasimulia kisa kwa maneno, kisha akamwacha kila mmoja achore alivyokiona moyoni mwake.

Ntiro alichora nini? Alichora migomba, kahawa, na watu kazini, mambo tunayoyaona kila siku tusiyatazame. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka mbege kwa bibi arusi usiku. Picha hiyo imewekwa New York, katika jumba kubwa la sanaa ya siku hizi. Twawaza jinsi watu wa huko wanavyoitazama pombe ile wasijue hata harufu yake! Ntiro alifundisha Makerere, akaenda kusoma zaidi London katika shule ya Slade, na tangu mwaka 1961 hata 1964 alikuwa balozi wa nchi yetu huko huko Uingereza.

Sasa tuje kwa neno ambalo wazee wa kanisa hutunong'oneza, yaani ile amri iliyokataza sanamu. Hatutaki kulipita upesi. Huko Murang'a, Kenya, lilijengwa kanisa la ukumbusho wa Wakristo waliouawa siku za Mau Mau, na Njau akapaka ukutani picha tano kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Watu wa picha hizo ni Waafrika, na vilima ni vilima vya Wakikuyu. Hakuna azisujudiaye. Bali mama asiyejua kusoma akiingia humo aona kwamba Bwana hakuzaliwa katika nchi ya watu wengine tu. Sisi twaona kwamba mchoraji aliyefanya hivyo amehubiri, na ukuta wahubiri hata mhubiri akiwa amelala. Njau mwenyewe alikuwa akifundisha kwamba kunakili kazi ya mwingine ni kumlaza Mungu usingizi.

Pengine mtu atauliza, Je, Walutheri wenzetu waliwahi kuwa na chuo cha namna hiyo? Ndiyo. Mwaka 1962 Waswidi wawili, Peder Gowenius na mkewe Ulla, walianzisha nyumba ya ufundi ya Kilutheri iliyokaa Rorke's Drift, Natal, Afrika Kusini. Wanawake walifuma mazulia yenye picha. Tangu mwaka 1968 hata 1982 vijana walifundishwa pia sanaa ya picha, katika nchi ambayo milango ya namna hiyo ilikuwa imefungwa kwa mtu mweusi. Walichonga picha katika kipande cha zulia la mpira la sakafuni, wakapaka wino juu, wakakandamiza karatasi. Palipochongwa pakabaki peupe, palipoachwa pakawa peusi. Ni kazi ya gharama ndogo, na bamba moja hutoa picha nyingi. Azaria Mbatha alifanya hivyo habari za Biblia, na John Muafangejo habari za kwao Namibia.

Wala msidhani ni mchezo. Mwanafunzi huchora mkono mmoja mara hamsini. Hujifunza kuchanganya rangi, na kukanda udongo usipasuke motoni. Sisi makarani hushika kalamu mchana kutwa, lakini tukiambiwa tuchore mbuzi, mbuzi hatambulikani.

Juu ya riziki tuseme kweli: wauzao picha wakaishi kwa hizo ni wachache. Ntiro na Njau wote walikuwa walimu. Njau alifungua nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, na mwaka 1997 moto ukaiunguza, naye akaendelea. Kwa hiyo kijana na asome ualimu pamoja na sanaa, na mzazi aulize chuo waziwazi kabla ya kulipa: cheti chake ni cha namna gani, na rangi na karatasi hununuliwa na nani?

Na kabla ya hayo, mpeni mwaka mmoja. Mkaa upo jikoni, na karatasi za kufungia sukari zipo dukani. Achore watu wa sokoni hapa Himo kila juma, aweke tarehe, asitupe hata moja. Mwaka ukiisha, zitandazeni zote sakafuni, ya kwanza hata ya mwisho, mwiteni mwalimu wake, mzitazame pamoja.