Daftari Moja kwa Maktaba Nyingi

Askari yeyote aliyepata kulinda ghala anajua kwamba mali isiyoandikwa daftarini ni mali iliyokwisha kupotea, hata kama bado imelala juu ya rafu. Ndiyo maana bunduki hutolewa kwa saini na kupokewa kwa saini, na anayeingia zamu hatosheki kutazama kwa macho, bali hulinganisha anachokiona na kilichoandikwa. Sheria hiyo ndiyo inayotawala maktaba. Kitabu kisichokuwamo katika orodha hakimfai msomaji, na kitabu kilichoazimishwa bila kumbukumbu si rahisi kurudi.

Katika West Nile jambo hili lina uzito wa pekee. Bodi ya Maktaba za Umma ya Uganda iliundwa mwaka 1964, na maktaba za miji mbalimbali zikawa chini ya uongozi mmoja. Baada ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, maktaba hizo ziliwekwa mikononi mwa wilaya na miji, na mwaka 2003 sheria nyingine ikaunda Maktaba ya Taifa ya Uganda. Wakati huo huo wilaya zenyewe zimekuwa zikigawanyika. Yumbe ilitengwa na Arua mwaka 2000, Koboko mwaka 2005, Madi-Okollo mwaka 2019, na Terego mwaka 2020, mwaka ule ule Arua ulipopewa hadhi ya jiji.

Mgawanyo wa utawala una faida zake, kwa kuwa huisogeza serikali karibu na wananchi. Lakini kiu ya kusoma haifuati mipaka ya wilaya. Mwanafunzi wa Mvara aweza kukitafuta kitabu juma zima, kumbe nakala yake imekaa kimya Koboko, mwendo wa kilomita 55 hivi, bila mtu kuifungua. Pale ambapo kila maktaba ina daftari lake peke yake, hakuna wa kumwambia. Uhaba wa vitabu ni ukweli unaojulikana, lakini sehemu ya uhaba huo ni uhaba wa habari juu ya vitabu vilivyopo.

Dawa ya tatizo hilo imekwisha kujaribiwa mahali pengi duniani, nayo ni maktaba nyingi kutumia mfumo mmoja wa kompyuta, wenye orodha moja ya vitabu na kadi moja ya msomaji. Jambo la kuzingatia ni kwamba mfumo huo haulazimu kununuliwa kwa kampuni. Ipo aina ya programu iitwayo programu huria. Maandishi yake ya ndani, yaani maagizo yanayoiendesha kompyuta, yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kumpa mwenzake. Programu ya kununua ina kufuli, na ufunguo hukaa kwa mwenye kampuni. Akipandisha ada au akifunga duka, maktaba hubaki imekwama. Programu huria haimwachii mtu mmoja ufunguo huo.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ulitoka katika miji midogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, maktaba za Horowhenua, huko New Zealand, zilikuwa na programu kuukuu isiyoweza kuvuka salama mwaka 2000. Badala ya kununua nyingine, ziliagiza itengenezwe mpya, ambayo ilianza kazi mwanzoni mwa mwaka 2000, kisha zikaitoa bure kwa dunia nzima. Iliitwa Koha, neno la lugha ya Kimaori lenye maana ya zawadi. Leo programu hiyo inatumika katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki, na katika Uganda kwenyewe vyuo vikuu kadhaa vimeichagua.

Mfano wa pili ni wa jimbo la Georgia, nchini Marekani. Maktaba nyingi za umma za huko zilikuwa zikitumia orodha moja, na wakuu wake walipoona kwamba programu za madukani hazikidhi haja yao, waliajiri mafundi wakaunda programu huria iitwayo Evergreen. Ilipoanza kutumika Septemba 2006, maktaba zaidi ya 250 ziliingia kwa pamoja. Msomaji mwenye kadi ya mji mmoja ni msomaji wa miji yote iliyomo katika umoja huo.

Kwa majeshi ya ulinzi na usalama faida ya mpango wa namna hiyo ni dhahiri. Askari ni mtu wa uhamisho. Leo yuko Arua, mwakani yuko Koboko au Moroto, na familia yake humfuata. Kila anapofika, watoto wake huanza upya kuomba uanachama wa maktaba, na vitabu walivyoazima kule walikotoka mara nyingine husafiri ndani ya masanduku visirudi tena. Chini ya mfumo mmoja, kadi ya mtoto ingemfuata, na kitabu kilichochukuliwa mji mmoja kingeweza kupokewa mji mwingine na kufutwa katika deni lake. Konstebo anayejiandaa kwa mtihani wa kupanda cheo angejua, bila kufunga safari, ni maktaba ipi yenye kitabu anachokihitaji.

Hata hivyo, haifai kudanganyana. Zawadi hii haina bei, lakini ina gharama. Inahitaji kompyuta kuu ya kuhifadhi kumbukumbu, mtandao, umeme, na zaidi ya yote watu waliofunzwa. Kwa miaka mingi West Nile iliishi na mtandao wake mdogo wa umeme, na ni mwaka 2024 tu gridi ya taifa ilipofika. Hilo limefungua mlango, ingawa kukatika kwa umeme hakujafika mwisho. Koha ina njia ya kuendelea kuazimisha vitabu mtandao unapokatika, na kumbukumbu zikaingizwa baadaye. Lakini hakuna programu inayoweza kumwokoa mlinzi mzembe. Nakala ya akiba ya kumbukumbu isipotengenezwa kila siku na kuwekwa mahali pengine, moto mmoja au mwizi mmoja atafuta kazi ya miaka. Kuhusu mafundi, Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanza kufundisha mwaka 2013 na kuipa teknolojia ya habari nafasi ya mbele, kiko pale pale Arua.

Kuna kazi nyingine ambayo mgeni hawezi kuifanya. Vitabu vya Kiingereza vinavyosomwa duniani kote vimekwisha kuandikiwa maelezo katika maktaba kubwa, na kwa mfumo huu mkutubi wa Koboko anaweza kuyanakili maelezo hayo kwa muda mfupi tu. Lakini kijitabu cha hadithi za Kilugbara, mafunzo ya kusoma kwa Kikakwa, au kumbukumbu za kanisa zilizochapishwa Mvara, hakuna mtu London wala Washington atakayeviorodhesha vyote. Vitaandikwa na wakutubi wa West Nile au havitaandikwa kabisa. Desturi ya Wamaori ni kwamba apewaye koha naye hutoa chake siku yake ikifika. Maelezo sahihi ya vitabu vya lugha za nyumbani ndiyo zawadi ambayo maktaba za Arua na Koboko zaweza kuwapa wengine.

Jambo la mwisho lawahusu askari kuliko raia. Daftari linaloonyesha kitabu kilipo laonyesha pia nani anasoma nini. Kumbukumbu za wilaya nyingi zikikusanywa mahali pamoja, kishawishi cha kuzichungulia huwa kikubwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019 inamfunga kila anayehifadhi habari za watu. Koha yenyewe inaweza kupangwa ili kitabu kikirudishwa, jina la aliyekiazima liondolewe katika kumbukumbu. Maktaba zitakazojiunga zafaa kuuchagua mpango huo tangu siku ya kwanza. Na ofisa wa upelelezi anayezihitaji kumbukumbu za msomaji hana budi kufuata njia ya sheria, wala asimtishe mkutubi mezani pake. Raia anayeogopa kwamba kitabu alichokiazima kitahojiwa ataacha kuazima, na hapo rafu zote na kompyuta zote zitakuwa kazi bure.

Hivyo basi, wajibu umegawanyika. Halmashauri za Arua, Koboko na jirani zao hazina budi kukubaliana juu ya gharama kabla ya kununua hata kompyuta moja, na kuamua ni nani atakayelipa mwaka wa tatu na wa nne, wakati wafadhili wamekwisha kuondoka. Maktaba ya Taifa ina wajibu wa kuongoza, ili zisizaliwe orodha kumi zisizoelewana. Wakutubi wanapaswa kuandika kwa usahihi. Naye askari, aliyezoea kurudisha silaha ghalani kwa wakati, arudishe kitabu cha watu kwa nidhamu ile ile.