Mzee anaposahau njia ya nyumbani

Msikilizaji, familia ya Iringo, mkoani Mara, inayomwona mzee akipotea kila jioni kuelekea ziwani haina orodha ndefu ya nyumba za wazee za kuchagua. Mkoani humo, makazi ya wazee ya serikali yanayofahamika ni Nyabange, wilayani Butiama, nayo yalikusudiwa wazee wasiojiweza na wasio na ndugu, si mahsusi kwa wenye ugonjwa wa kusahau. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi: familia kwanza, makazi ndiyo hatua ya mwisho.

Sawa. Lakini familia hiyo mara nyingi ni binti mmoja asiyelala usiku.

Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta ugonjwa wa kusahau kwa takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mzee anayezurura usiku akisema peke yake yuko hatarini. Kuupa ugonjwa jina lake ni ulinzi.

Ukifikiria makazi, pitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Uliza nani hukesha, dawa hutunzwa na nani. Uliza pia kama yupo anayejua Kijita, Kizanaki au Kikurya, maana Kiswahili alichojifunza ukubwani huweza kutangulia kupotea.

Na kabla ya hayo yote, mpelekeni hospitali apimwe. Ndugu wengine, pokezaneni zamu za usiku na huyo binti.