Nani Mwenye Faili Ndani ya Simu?

Mwaka 2021 kampuni ya Apple iliiondoa dukani kwake iDOS 2, programu iliyoiwezesha iPhone kuendesha michezo ya kompyuta za zamani. Kosa lake ni kwamba ilimruhusu mtumiaji kuingiza mafaili ya michezo yake mwenyewe. Kanuni 2.5.2 ya duka hilo inakataza programu kuendesha msimbo ambao duka halikuukagua.

Hoja ya usalama iliyo nyuma ya kanuni hiyo ina uzito, maana programu hasidi hupenya hivyohivyo. Lakini kwenye iPhone kila programu imetengwa, haigusi data za nyingine bila ruhusa. Hatari hiyo ilikuwa ndogo mno kuliko adhabu.

Machi 2024, sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu masoko ya kidijitali ilianza kuibana Apple. Mwezi uliofuata kampuni hiyo ikaruhusu emuleta, yaani programu zinazoiga mashine za michezo ya kale, na mojawapo, Delta, ikaingia dukani. Hata hivyo iDOS 3, toleo jipya la programu ile, ilikataliwa Juni, ikakubaliwa Agosti, bila teknolojia yenyewe kubadilika!

Haki za watunzi wa michezo zilindwe. Ila aliyenunua mchezo kihalali aachwe aucheze kwenye simu aliyoilipia.