Ndani ya Jabia



Hapa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, bahari iko mlangoni, lakini maji matamu ni ya shida. Tangu zamani wenyeji wa pwani hii na visiwa vya Lamu huyakinga maji ya mvua kwa jabia, yaani sakafu pana iliyopigwa lipu, yenye kuyateremsha maji ndani ya shimo lililojengwa. Mtu akiipaka jabia chokaa kwa nje, na ndani mna panya aliyekufa, ni nani atakayekunywa?

Katika Marko sura ya 7, Mafarisayo waliwalaumu wanafunzi kwa kula bila kunawa kama ilivyokuwa desturi ya wazee. Bwana Yesu akawaonyesha kwamba unajisi wa mtu hautoki mikononi. Hutoka moyoni, panapozaliwa wizi, tamaa na kiburi.

Lakini nisiwanyoshee Mafarisayo kidole. Wakati mmoja wa kiangazi kikali, Jumamosi jioni, nilikuwa nikifua kanzu yangu nyeupe, kwa kuwa kesho yake tungeshiriki Meza ya Bwana. Akaja jirani na ndoo. "Mchungaji, mtoto ana homa. Nipatie maji kidogo." Nikamjibu, "Mama, maji haya ni ya kazi ya kanisa." Akaenda zake, asiseme neno.

Asubuhi nikasimama mbele ya watu, kanzu inang'aa. Tukafikia ile sala iliyomo katika Kitabu cha Sala tangu mwaka 1549, ya kumwomba Mungu atutakase mawazo ya mioyo. Sauti ikanikwama. Kanzu niliyoivaa ilikuwa imekunywa maji ya mtoto mgonjwa.

Nikakumbuka agizo la Bwana katika Mathayo 5, kwamba mtu aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Nikawaomba waumini wangoje. Nikaivua kanzu, nikachukua ndoo, nikaenda. Yule mama alinisamehe. Ila alisema, "Ahsante, Mchungaji. Lakini kiu ilikuwa jana." Maneno hayo sijayasahau.

Ndugu msikilizaji, sisemi ibada ni bure. Ubatizo na Meza ya Bwana tuliagizwa na Kristo mwenyewe. Lakini wazee wetu walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika Kenya mwaka 1937, uliwagusa wengi waliokwisha kubatizwa na kuzoea kanisa. Wakaungama dhambi zao wazi, wakarudisha vitu walivyoiba. Hawakupewa ibada mpya. Walifunguliwa mioyo.

Basi wewe leo, ni nani aliyekuja mlangoni pako akaondoka na ndoo tupu? Ni nani mliyekosana naye, na Jumapili mnapokea mkate mmoja? Usingoje Jumapili nyingine. Nenda leo, kabla kiu haijawa ya jana.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe waona ndani tusipotaka kuonyesha. Ututoe uchafu uliojificha, utupe moyo safi, na miguu ya kwenda kupatana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.