Kona Ambako Maji Hayafiki

Nyuma ya mawe ya tangi la samaki wa maji chumvi, mara nyingi pana kona ambayo mkondo hauigusi. Punje ya chakula ikitua hapo huoza, nitrati na fosfeti hupanda, kisha utando mwekundu wa bakteria hutanda juu ya mchanga.

Wengi hukimbilia pampu kubwa zaidi. Hiyo si dawa! Mkondo mmoja mkali hufukua mchanga na kuchuna nyama laini ya matumbawe, na kona hubaki vilevile.

Bora pampu mbili ndogo, moja kila upande, mikondo yake igongane katikati. Mawe nayo yasibanane na kioo, ili uchafu uendelee kuelea hadi uvutwe na chujio.

Huko Monterey, California, jumba la viumbe wa bahari lililofunguliwa mwaka 1984 lina msitu wa mwani mrefu ndani ya tangi la kina cha mita 8 na ushei. Mhandisi David Packard aliliundia mashine ya mawimbi, kwa kuwa mwani huo hufyonza virutubisho vizuri maji yakisogea.

Nyumbani, pampu ichomolewe kwenye umeme na kulowekwa kwenye siki kila baada ya miezi michache, kisha isuuzwe. Chokaa ikiganda, nguvu hushuka.