Upungufu wa Walimu Unguja: Idadi, Mahali na Lugha

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Serikali ya Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo. Tangazo hilo liliwafungulia skuli watoto wa shamba na wa Ng'ambo ambao wazee wao hawakuwa na uwezo wa kulipa ada. Hata hivyo, lilitoka wakati ambapo walimu walikuwa wakipungua. Waingereza waliofundisha katika sekondari walikuwa wakiondoka, na walimu wengi wa asili ya Kiarabu na Kihindi nao walivihama visiwa. Pengo lilizibwa kwa vijana waliotoka madarasani hivi karibuni, wakapewa chaki wakafundishe wadogo zao. Kizazi hicho hakijashukuriwa inavyostahili.

Tangu hapo upungufu wa walimu umezoeleka kuelezwa kwa hesabu moja: idadi ya wanafunzi hugawanywa kwa idadi ya walimu, ukapatikana uwiano. Uwiano huo si wa uongo, ila huficha mengi. Skuli ya Mji Mkongwe yaweza kuwa na walimu wa historia na Kiswahili wa kutosha, isiwe na hata mmoja wa fizikia. Skuli ya Tumbatu, ambayo mwalimu huifikia kwa chombo kutoka Mkokotoni, yaweza kuonekana katika daftari la Wizara kuwa imetimia, ilhali nusu ya waliopangiwa huko wanashughulikia uhamisho wa kurudi mjini. Kwa hiyo swali la "wamepungua wangapi?" halina budi kufuatwa na maswali mengine mawili: wamepungua wapi, na wamepungua kufundisha nini, kwa lugha gani? Swali hili la mwisho ndilo linalowahusu zaidi wanataaluma wa Kiswahili, na ndilo lililosahauliwa zaidi.

Inafaa kukumbuka kwamba neno mwalimu lilikuwapo Unguja kabla ya skuli. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa mtu wa mahali, ama kwa kuzaliwa ama kwa kuoa na kuhamia. Alilima na kuvua pamoja na wazee wa wanafunzi wake, na hakuna aliyempa barua ya uhamisho. Skuli ya serikali, iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20, ilileta mwalimu wa namna nyingine, aliyepangwa na ofisi ya mjini na anayeweza kuondolewa na ofisi hiyo hiyo. Watu wa shamba walimtilia shaka mwanzoni, na miongoni mwa sababu ni kwamba skuli yake haikuwa na Kurani. Ilipoingizwa katika ratiba, wazee wengi walilegeza msimamo. Hapo ndipo ulipozaliwa upungufu wa mahali, kwani mwalimu aliyetoka mjini daima huwa na mji wa kurudi.

Lakini mpango wa wakati huo ulikuwa na jambo moja la nguvu, nalo ni lugha. Mafunzo ya ualimu yaliyoanzishwa mjini katika miaka ya 1920 yalimwandaa kijana kufundisha hesabu, jiografia na usafi kwa Kiswahili alichokulia nacho. Mwaka 1927 likaanzishwa jarida la Mazungumzo ya Walimu, ambamo walimu waliotawanyika vijijini waliandikiana kwa lugha hiyo kuhusu kazi yao. Mwaka uliofuata, mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki. Mwalimu wa Chaani au Makunduchi hakuhitaji kujifunza lugha ya kazi; wengine wa bara ndio waliojifunza yake.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ndiyo iliyoibadilisha hesabu hii. Pamoja na mambo mengine mema, ikiwamo kuiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima, sera hiyo iliagiza kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Nia yake inaeleweka: mtihani wa Kidato cha 4 unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania huandikwa kwa Kiingereza, na wazee hawataki watoto wao waende kukutana nao ukubwani. Hata hivyo, kwa upande wa ualimu matokeo yake yalikuwa mazito. Mwalimu wa darasa la 5 aliyekuwa akieleza sehemu na desimali vizuri kwa Kiswahili alitakiwa afanye hivyo kwa lugha asiyoimudu. Hakuondoka skuli wala jina lake halikufutwa daftarini, lakini kwa somo lile alikuwa ameshapungua. Upungufu wa namna hii hautokani na kifo, kustaafu wala kuhama. Hutokana na kalamu ya mtunga sera.

Tena aliyeimudu lugha hiyo ana wanunuzi wengi. Tangu utalii ulipokua katika miaka ya 1990, Nungwi, Kiwengwa na Paje zimekuwa na hoteli zinazomhitaji kijana anayezungumza Kiingereza fasaha. Kabla ya hapo Oman, iliyofungua milango yake baada ya mwaka 1970, ilikwisha kuwachukua Wazanzibari wengi wenye elimu. Sera iliyomtaka mwalimu wa sayansi awe pia mtu wa Kiingereza ilimpeleka katika soko hilo hilo, bila ya kumpa mshahara wa kushindana nalo. Ni vigumu kuona namna skuli ingeweza kushinda mnada huo.

Dawa, basi, haiwezi kuwa moja. Kwa upungufu wa mahali, mfano mzuri umo Unguja kwenyewe. Mpango wa maandalizi wa Madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 na kufika Zanzibar mwaka 1990, uliwachukua wanawake wa kijiji husika, ukawafundisha kazi papo hapo kijijini, na jamii ikashiriki kuiendesha skuli. Mwalimu aliyepatikana hivyo hana haja ya uhamisho, kwani kwao ndipo alipo. Ni njia inayokaribiana na ile ya mwalimu wa chuo, na yafaa ipanuliwe hadi msingi: kijana wa Tumbatu au Uzi apewe nafasi ya chuo kwa sharti la kurudi kwao, na asiye wa huko ajengewe nyumba kabla ya kupewa barua. Kuanzia mwaka 2021 Serikali imejenga skuli za ghorofa ili kupunguza msongamano na mikondo ya asubuhi na mchana. Hilo ni jema, ila kila mkondo unaoondolewa hudai madarasa zaidi kwa saa moja, na hivyo walimu zaidi kwa saa hiyo.

Kwa upungufu wa lugha, hatua ya kwanza ni kuirudisha hisabati na sayansi ya msingi katika Kiswahili, na Kiingereza kifundishwe kama somo na walimu wachache waliobobea. Hoja kwamba Kiswahili hakina istilahi imepitwa na wakati: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar lipo. Kinachokosekana ni njia ya kuyafikisha maneno hayo kwa mwalimu wa darasa la 6. Katika vyuo, anayesomea Kiswahili na anayesomea kufundisha kemia hukaa madarasa tofauti. Wakiwekwa pamoja muhula mmoja, wa kwanza akachunguza istilahi na wa pili akazijaribu mbele ya watoto wa mazoezi, kitapatikana kitabu cha mwalimu ambacho kamati ya wataalamu peke yao haiwezi kukiandika. Mahali pa kuanzia ni sehemu na desimali, kwa kuwa ndizo zinazofundishwa darasa la 5, pale lugha inapobadilika.